Kaseti za Maskati

Hotuba hii ilitolewa jioni moja katika ukumbi wa Mji wa Kale, Mombasa, mbele ya watu wanaotunza wazazi wagonjwa. Imeandikwa kutoka kwenye rekodi. Nimeondoa vikohozi vyangu na sehemu ambayo kunguru walinishinda.

Asalamu alaykum. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, habari za jioni.

Mimi si daktari. Nalisema mapema ili nikimaliza asije mtu hapa mbele akanionyesha goti. Mimi ni fundi wa sauti. Nimekaa redioni miaka mingi, hedifoni masikioni, nikikata vikohozi vya watu, nikipandisha sauti za waoga na kushusha za wanaojiamini kupita kiasi. Siku hizi nawasaidia wataalamu wa tiba ya usemi kurekodi na kupima sauti za wagonjwa. Lakini kilichonivuta huku si redio. Ni kopo la biskuti.

Wa rika langu mnakumbuka barua za kaseti. Simu ya Uarabuni ilikuwa ghali, na kuandika si kila mtu alikuwa na subira nako. Baba yangu alikuwa karani bandarini Kilindini, kazi ya kuhesabu shehena, na sauti yake ilikuwa sauti ya kuvuka sitaha ya meli. Mara moja kwa mwezi, Ijumaa baada ya chakula cha mchana, alikaa barazani na redio-kaseti mapajani, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akazungumza na mdogo wake aliyekuwa Maskati. Dakika thelathini, upande mmoja. Kaseti ikapewa msafiri. Ami akisikiliza, naye anajibu kwa kaseti yake, na sisi watoto tunajazana kumsikia akituita kwa majina.

Mwaka 1993 ami alileta kaseti yenye malalamiko. Alisema, "Kaka, siku hizi huniulizi neno. Wanipa habari tu, kama redio. Nimekukosea nini?" Baba alighadhibika. Alituapia kwamba kaseti iliyopita alimuuliza ami mambo chungu nzima. Mama akampooza, wakapatanishwa na shangazi, yakaisha. Mwaka 1999 mkono wa kulia wa baba ulianza kutetemeka akishika gazeti, na hapo ndipo daktari mmoja alipotamka neno Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo wa mwili. Kabla ya hapo tulikuwa tumeambiwa ni uzee, tukaambiwa ni presha, na nje ya hospitali tukaambiwa mengine ambayo mnayajua na sitayarudia hapa.

Baba alifariki, ami akamfuata. Kisha binamu yangu akaja likizo na kopo la biskuti lililojaa kaseti. Ami hakutupa hata moja. Nikazipanga kwa miaka nikaanza kusikiliza, si kama fundi, kama mtoto tu. Nikafika kaseti ya 1993. Nikamsikia baba anasema: "Dada amekuandikia." Kimya kidogo. "Ile nyumba mmehama." Kimya kidogo. "Mwanao amepona."

Nilirudisha nyuma nikasikiliza mara tatu. Vile vituo vilikuwa vya mtu anayemwachia mwenziwe nafasi ya kujibu, kama tunavyofanya sote. Baba alikuwa akiuliza. Maswali yote yamo mle, ila hayakusikika kuwa maswali.

Hebu fikirini lugha yetu. Swali la ndiyo au la halibadilishi mpangilio wa maneno. "Umekula" na "umekula?" ni neno lilelile. "Je" ipo, lakini nani barazani anasema "je"? Kinachouliza ni kiimbo, ule mpando wa sauti mwishoni. Mtu akipoteza kupanda na kushuka, kwa Kiingereza bado maswali yake mengi yatajulikana kwa maneno. Kwa Kiswahili anabaki mtu asiyeuliza. Watu wanadhani amekuwa mkavu, au ana kinyongo. Ndugu wawili nusura wakosane kwa ugonjwa ambao haujapata hata jina.

Hapo ufundi ukaniingia. Nikazitia zile kaseti kwenye kompyuta nikazipima. Na niwaambie kwa uaminifu nilichoweza kupima na nisichoweza. Redio-kaseti ya betri haiendi mwendo mmoja, na mwendo ukikosea, sauti yote inapanda au inashuka nao. Kwa hiyo sikuweza kusema koo la baba lilitikisika mara ngapi kwa sekunde. Ila mwendo unapokosea, unakosea kwa noti ya chini na ya juu kwa kiwango kilekile, basi umbali baina yao, ukiupima kwa nusutoni kama wapiga kinanda wa taarab wanavyohesabu, haubadiliki sana. Umbali huo ndio niliouona ukifinyika kaseti baada ya kaseti. Ukubwa wa sauti sikuugusa kabisa, maana mashine zile zilijirekebisha zenyewe: ukinong'ona zinakuza, ukipayuka zinapunguza. Na ndiyo sababu ami hakujua kamwe kwamba sauti ya kaka yake ilikuwa imefifia. Mashine ilimfichia.

Kisa kimoja cha familia moja hakithibitishi kitu. Lakini mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha kazi kama hiyo, walipopima rekodi za zamani za mgonjwa mmoja wa Parkinson, wakakuta mabadiliko ya kiimbo chake yalianza kupungua kama miaka mitano kabla ya daktari kuutambua ugonjwa. Niliposoma hayo nilizima kompyuta nikatoka nje kutembea hadi Forodhani.

James Parkinson mwenyewe, daktari wa London, aliandika juu ya ugonjwa huu mwaka 1817. Wagonjwa wake walikuwa sita tu, na baadhi aliwaona njiani, akawasimamisha kuzungumza nao. Na hata katika maandishi yale ya kwanza alitaja kwamba maneno ya mgonjwa hufikia hatua ya kutoeleweka. Kwa hiyo si jambo jipya. Jipya ni kwamba sasa kile sikio lilichokisikia kinaweza kuwekwa kwenye namba na kulinganishwa.

Ugonjwa wenyewe unatokana na kufa kwa chembe fulani ndani ya ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali ya ubongo. Bila dopamini ya kutosha, ubongo hukosea kupima nguvu ya mwendo. Hatua zinakuwa fupi, mwandiko unakuwa mdogo, na sauti inakuwa ndogo vilevile. Koo si bovu. Na hapa pana jambo ambalo laiti ningalijua tulipokuwa na baba: mgonjwa hasikii kwamba sauti yake imeshuka. Kwake yeye anazungumza kama kawaida, na ukimwambia apaze mpaka tumsikie, anahisi anapiga kelele kama mwendawazimu. Baba alikuwa akituambia, "Nyinyi mmeziba masikio." Tulimcheka. Tulidhani ni ukaidi wa wazee.

Iko tiba ya mazoezi ya sauti iliyoanzishwa Marekani miaka ya 1980, inaitwa LSVT, kwa jina la mgonjwa wa kike aitwaye Lee Silverman. Vikao vinne kwa wiki, wiki nne, na takriban yote ni jambo moja: sema kwa nguvu, mpaka ubongo uzoee kwamba hiyo nguvu ndiyo kawaida. Si dawa wala si miujiza, lakini watu hurudi kusikika mezani, na kwa mwenye familia kubwa hilo si dogo.

Sasa niwaeleze mashine inasikiliza nini. Mgonjwa huambiwa avute pumzi aseme "aaa" kadiri awezavyo bila kupandisha wala kushusha. Nyuzi za sauti kooni hugongana, kwa mwanamume mzima kama mara 100 hadi 130 kwa sekunde, kwa mwanamke karibu mara 200. Hakuna binadamu anayegonga sawasawa kabisa. Mashine hutazama kila pigo limechelewa au kuwahi kiasi gani kuliko lililotangulia, limepungua nguvu kiasi gani, na hewa kiasi gani inavuja bila kuwa sauti. Kisha huambiwa aseme "pa-ta-ka, pa-ta-ka" mbio mbio. Pa ni midomo, ta ni ncha ya ulimi, ka ni nyuma ya ulimi. Asiyeweza kuzibadilisha haraka, au anayeanza vizuri akaishia kuzichanganya zote zikawa uji, hiyo ni habari.

Programu ninayotumia inaitwa Praat, neno la Kiholanzi la kuzungumza. Waliitengeneza Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, na haiuzwi. Ukiwa na kompyuta na intaneti utaipata bure usiku huu huu, ingawa uso wake ni wa zamani kidogo, msiogope.

Lakini msikilize pia upande wa pili, maana biashara ya mambo haya imechangamka. Mtasoma kwamba kuna mashine inayojua Parkinson kwa "aaa" moja, kwa usahihi wa asilimia tisini na kitu. Upo mkusanyiko mashuhuri wa rekodi, uliotoka kwa mtafiti Max Little na wenzake, ambao wanafunzi wa kompyuta dunia nzima hujifunzia. Una rekodi 195. Ukiuliza watu wangapi, jibu ni 31, na 23 kati yao ni wagonjwa. Yaani kila mtu ana kama rekodi sita. Sasa mwanafunzi akizichanganya rekodi zote, akachukua nyingi kuifunza mashine na chache kuitahini, mtu yuleyule anakuwa kwenye mafunzo na kwenye mtihani. Mashine haijaujua ugonjwa. Imemjua mzee fulani. Ni kama kumpa mtoto wa madrasa mtihani wa sura aliyoisoma asubuhi kisha ukamtangaza hafidhi. Kazi ya Little yenyewe si mbaya, nairudia, ni walioitumia ovyo.

Ndiyo maana mimi, mkiniuliza, sivutiwi sana na mashine ya kutambua. Navutiwa na ya kufuatilia. Kumlinganisha baba yangu na kundi la Waingereza ni jambo gumu, lina makosa mengi. Kumlinganisha baba wa 1993 na baba wa 1988 ni jambo ambalo hata ami angeweza, lau angekuwa na zile kaseti mbili mkono huu na huu. Kila mtu ana koo lake. Mwenye sauti ya kukwaruza tangu ujana si mgonjwa. Aliyebadilika ndiye wa kuangaliwa.

Na kwa aliyekwisha kujulikana ugonjwa, kufuatilia kuna kazi ya kila siku. Dawa kuu ya Parkinson ni levodopa. Miaka ya mwanzo hufanya kazi vizuri, kisha huanza kupwa na kujaa kama bahari: saa hii mzee anatembea na kusema, baada ya saa tatu amekauka, anangoja kidonge kingine. Daktari wa mishipa ya fahamu, na hao ni wachache na wengi wako Nairobi, anamwona mara moja kwa miezi kadhaa, kwa dakika chache. Akimkuta kwenye maji kujaa anaandika "hali nzuri." Nyumbani mnajua vingine. Rekodi fupi za asubuhi kabla ya dawa na baada ya dawa, wiki moja, zinamwambia daktari jambo ambalo maneno yenu ya "wakati mwingine huwa hivi, wakati mwingine huwa hivi" hayamwambii.

Kwa kuwa nimeitaja levodopa: watu wa shamba mnaujua upupu, ule unaowasha mpaka mtu avue nguo. Mbegu za upupu zina levodopa ndani yake, ni kweli, na zimechunguzwa na wanasayansi. Nasema hili kwa hofu maana najua kuna mtu kesho ataingia kichakani. Tafadhalini. Mbegu hii haina kipimo sawa na ile, na mgonjwa aliye kwenye vidonge akiongezewa bila daktari kujua, mnaweza kumwangusha.

Nije kwenye ugonjwa wa pili, ambao sauti inabaki nzima na maneno ndiyo yanayotoroka. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu zaidi ya milioni 55 wana dimenshia, yaani maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na fahamu, na zaidi ya asilimia 60 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu. Alzheimer ndiyo aina inayojulikana zaidi. Mwaka 1901, mjini Frankfurt, daktari Alois Alzheimer alikaa na mwanamke wa miaka 51, Auguste Deter, akaandika mazungumzo yao neno kwa neno. Jina lako? Auguste. Jina la mumeo? Auguste. Alikuwa anakula koliflawa na nyama. Akaulizwa anakula nini, akasema mchicha. Utafiti wa ugonjwa ule ulianza hivyo, kwa mtu aliyekaa akasikiliza na kuandika.

Sasa sisi Waswahili tuna tatizo letu, na ni tatizo la adabu. Salamu zetu ni ndefu. Hujambo, sijambo, habari za nyumbani, njema, watoto, hawajambo, na wewe je, alhamdulillahi. Mtu anaweza kupita salamu zote hizo, akacheka mahali pa kucheka, bila kuelewa hata neno moja jipya. Maneno yaliyokaririwa hubaki muda mrefu baada ya yale ya kutunga kuanza kupotea. Mtaani kwetu alikuwepo mzee anasoma Yasini mwanzo hadi mwisho bila kukwama, kwa tajwidi. Watu wakasema, mzee yule kichwa chake bado ni upanga. Mkewe peke yake ndiye aliyejua kwamba akitoka msikitini huuliza njia ya nyumbani, nyumba aliyozaliwa. Alipolalamika waliambiwa wote wawili wamezeeka. Kwa hiyo ukitaka kumsikiliza mzazi wako, usimsikilize kwenye salamu wala kwenye dua. Ngoja salamu ziishe. Mwambie akusimulie jana.

Na unasikiliza nini? Vituo vinavyokuja kabla ya jina la kitu. Kuzungukazunguka. "Nanihii." "Kile kidude." "Yule, yule bwana." Sote tunasema nanihii, mimi mwenyewe nimeisema leo mara mbili, nimehesabu. Swali ni kama mwaka huu zimezidi za mwaka juzi. Watafiti wa Arizona mwaka 2015 walichukua mikutano 46 ya Rais Ronald Reagan na waandishi wa habari, wakailinganisha na 101 ya George Bush, yule baba. Kwa Reagan, kadiri miaka ilivyokwenda, maneno ya aina mbalimbali yalipungua, na maneno matupu ya "kitu" na ya kujazia yakaongezeka. Kwa Bush halikuonekana hilo. Reagan alitangaza ana Alzheimer Novemba 1994, karibu miaka sita baada ya kutoka madarakani. Watafiti wenyewe hawakusema kwamba alikuwa mgonjwa akiwa Ikulu, na mimi sitawaongezea.

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, maana hapa panatuhusu sisi zaidi ya Wamarekani.

Kipimo kinachotumika sana ni picha. Ilichorwa kwa ajili ya kitabu cha vipimo cha Boston kilichotoka 1972. Mama anapangusa sahani, sinki la maji linafurika, nyuma yake mvulana amepanda kigoda kinachotaka kuanguka, anaiba biskuti kabatini, msichana anamnyooshea mkono. Unaambiwa: eleza unachokiona. Nilimwonyesha bibi mmoja wa Kibokoni, mzima wa akili kuliko mimi. Akaitazama sana. Akasema, "Huyu mama ana nini? Maji yamwagika mpaka miguuni, naye atazama dirishani. Kisha jikoni hamna mtu mwingine, wifi wala mkaza mwana?" Akakataa kuendelea. Mashine ingemhesabia vitu vichache alivyotaja ikampa alama mbovu, na kosa si lake. Tunahitaji picha yetu: mama juu ya mbuzi akikuna nazi, maziwa yanafurika kwenye sufuria, paka ameshika mkia wa samaki, mtoto anachungulia mahamri. Tumeanza kuichora. Mchoraji wetu ametia kunguru dirishani bila kuagizwa.

Na si picha tu. Programu za Kiingereza huhesabu viwakilishi, "he" na "she" zao, kwa sababu mgonjwa wa Alzheimer huanza kusema alikuja, akanipa, akasema, bila kutaja ni nani. Kwetu kila kitenzi kina nafsi ndani yake, hiyo ni sarufi. Ukiihesabu hivyohivyo, Mombasa nzima itakuwa na dimenshia kabla ya adhuhuri. Inabidi kuhesabu kingine: huyu "a" ametajwa jina lake mahali popote kabla? Kuna kipimo kingine cha kutaja maneno yanayoanza na herufi fulani kwa dakika moja. Kwa Kiswahili ukimpa mtu herufi M, atakutajia mti, mtu, mto, mkono, mpaka ulale. Ngeli zimeshampa jibu. Kutaja wanyama kwa dakika moja kunatufaa zaidi, ingawa mpwa wangu alianza na samaki akamaliza dakika yote Marikiti.

Tena kuna lahaja. Mtu wa Mvita akisema paa la nyumba na paa wa mwituni, hasemi sawa. Yule wa mwituni hutoka na pumzi midomoni. Midomo na koo vikianza kupoteza mapatano, tofauti ndogo kama hiyo huenda ikawa miongoni mwa za kwanza kufifia, na mimi ningependa sana kuipima. Mashine iliyolelewa na Kiingereza haijui hata kwamba ipo. Na mzee akisema "ndia" badala ya "njia", itamhesabia kosa la matamshi, kumbe ni kwao.

Upo ugonjwa wa tatu, ALS, ambao huua neva zinazoendesha misuli. Kwa baadhi huanza na ulimi. Stephen Hawking alijulikana anao mwaka 1963, akapoteza sauti kabisa 1985, akazungumza kwa mashine yenye lafudhi ya Kimarekani ilhali yeye Mwingereza. Wenye ugonjwa huu siku hizi hushauriwa warekodi sauti zao mapema, ili mashine itakapowasemea iwe na sauti yao. Kwa Kiswahili kazi hiyo ndiyo kwanza inaanza.

Tahadhari sasa, haraka. Sauti ikibadilika ghafla, mdomo ukaenda upande, maneno yakawa ya mlevi, huo si ugonjwa wa polepole, hicho ni kiharusi. Hakuna kurekodi, ni hospitali saa hiyo hiyo. Sauti ikiwa ya majimaji baada ya kunywa chai, au mtu anapaliwa mara kwa mara, mwambieni daktari, maana chakula kinachoingia mapafuni huua wagonjwa wengi wa Parkinson. Na msisahau ya kawaida: meno ya bandia yasiyokaa sawa, mafua, sigara, kinywa kikavu cha Ramadhani, masikio mazito, huzuni ya kufiwa. Huzuni hupunguza mwendo wa maneno kama ugonjwa. Tezi la shingo na upungufu wa vitamini B12 huleta usahaulifu unaotibika. Mashine haimjui mfiwa. Nyinyi mnamjua.

Na la sheria. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inaihesabu sauti inayomtambulisha mtu pamoja na alama za vidole, na habari za afya imeziita nyeti. Mtu akija mlangoni na simu, ampe bibi shilingi mia mbili aseme "aaa", muulizeni rekodi inakwenda wapi, nani ataisikiliza, na ikifutwa inafutwaje. Akianza kuzungumza Kiingereza, mfungieni mlango. Na nyinyi wenyewe msimrekodi mzazi kwa siri. Mwambieni. Baba yangu angependa kuambiwa. Alipenda kipaza sauti kuliko sisi sote.

Najua wengi mnazo kaseti zenu tayari. Zimo ndani ya simu. Ujumbe wa sauti aliokutumia mama mwaka juzi akikuuliza umefika salama, usiufute. Simu huubana ule ujumbe na kuharibu vipimo vidogo vya koo, lakini vituo, mwendo wa maneno, kupanda na kushuka, vimo. Na mkitaka kufanya vizuri zaidi: simu ileile, umbali uleule kama shibiri moja na nusu kutoka mdomoni, saa ileile kabla au baada ya dawa, feni imezimwa, mara moja kwa mwezi. "Aaa" moja, "pa-ta-ka" kidogo, kisha dakika mbili za hadithi. Andikeni tarehe. Ami hakuandika tarehe hata moja. Nilizipanga kwa kufuata nani amezaliwa na nani amekufa.

Pale mezani karibu na dirisha kuna mashine yangu na viti viwili. Tunataka sauti za watu wazima wa afya pia, wa Mji wa Kale, Kisauni, Likoni, popote, ili tujue mzee mzima wa Mombasa anasikika vipi. Karatasi ya idhini iko kwa Kiswahili, isomeni yote. Mama wa kwanza hatanitajia jina wala hatanisalimu. Atanieleza alivyopika mchana wa leo, kutoka sokoni hadi sahani.

Magharibi inakaribia na kunguru wamekwishanyamaza. Nani aanze?